Biashara Imekufa

"Biashara imekufa, mwanangu," kinyozi alisema, na ili afisa wa leseni ajionee mwenyewe, akapiga miayo.

Kibanda kilikuwa kitupu. Wateja wake, mmoja akiwa bado na povu kidevuni, alikuwa amewasukumia nyuma mara tu aliposikia kwamba watu wa mapato wameingia sokoni. Ndiyo ilikuwa kawaida yake kila mwaka. Afisa wa zamani alikuwa akizitazama nywele zilizotapakaa sakafuni, anacheka, kisha anamwandikia daraja la chini kabisa la ada. Soko zima lilisema hivyo hivyo. Hata muuza nyama alisema biashara imekufa huku mkono uko kwenye mizani.

Lakini huyu alikuwa binti mgeni, mpole, mwenye kuamkia kwa heshima. Aliuliza imekufa tangu lini. Kinyozi, kwa kunogewa na maigizo yake, akajibu ni siku nyingi, yeye huja tu kukaa. Binti akampa pole, tena pole ya kweli, ya msibani. Akaandika, akamwonyesha pa kutia saini. Kinyozi akatia saini bila miwani, mawazo yote yakiwa kwa yule wa nyuma na povu lake linalokauka.

Msimu wa kulipia leseni ulipofika, alikwenda ofisini na shati lililopigwa pasi. Karani wa dirishani alimtafuta kwenye kompyuta, akamtafuta tena, akamwambia hana cha kulipia. Biashara ilifungwa kwa kauli yake mwenyewe. Kibanda, kwa kuwa ni mali ya soko, kilitangazwa ukutani pale ofisini, muda wa kupinga ukapita, na sasa kina mwenyewe mpya.

Kinyozi alishika ukingo wa dirisha.

"Mwanangu, ule ni usemi tu. Kila mtu husema."

"Lakini wewe ulitia saini, mzee."

Alieleza mpaka watu wa foleni wakaanza kukohoa. Karani alimwambia anaweza kulalamika, ila itabidi akiri kwamba alidanganya, na si mwaka huu peke yake. Nani kapewa, hilo hakumwambia. Mama aliyefuata kwenye foleni, alipoulizwa hali ya biashara, alijibu haraka kwamba ni nzima kabisa. Hakuna aliyecheka.

Kinyozi alirudi nyumbani kwa miguu, akitafuta namna ya kumwambia mkewe. Kibanda kile ndicho kilichowalea watoto wao. Mkewe alikuwa msusi. Alisukia watu barazani, na mvua ikinyesha wanakimbia na vichwa nusu. Miaka yote alimwomba mumewe pembe moja ya kibanda, pa kuweka kiti tu, na miaka yote kinyozi alimjibu kwamba wanaume hawapendi kunyolewa mbele ya wanawake.

Alimkuta mlangoni, amevaa gauni lake la kutokea.

"Usinikasirikie, baba watoto. Nimeuza cherehani."

Hakumpa nafasi ya kuuliza. Alisimulia huku akicheka na kujifuta machozi: ameona tangazo, kuna mtu kaacha kibanda, ameomba kimyakimya, amepata. Alitaka kumshtua. Akamwekea mkononi leseni ya ususi, yenye jina lake na picha yake.

Kinyozi alisoma namba ya kibanda. Akavaa miwani, akaisoma tena. Sokoni hakuna aliyeita vibanda kwa namba. Hata mkewe alijua "kwa kinyozi" tu, pale karibu na bomba.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Basi nipeleke nikakione. Wewe ndiye unayezijua namba za huko sokoni."

Wakatoka. Mkewe hakunyamaza njia nzima. Alipanga kioo kitakaa wapi, ukutani apake rangi gani, kisha akamhurumia yule maskini aliyekiacha, sijui alipatwa na nini. Kinyozi aliguna tu. Walipolikaribia bomba, mkewe akasimama.

"Mbona tunakwenda kwako?"

Kinyozi alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akamkabidhi. Kisha akasogea pembeni, apite yeye kwanza.