Faini ya Nyumbu wa Bassou

Nyumbu alikamatwa asubuhi, mdomo umejaa nyasi changa za malisho yaliyofungwa. Walinzi walipomvuta kamba walimtambua mara moja kwa magunia ya unga aliyobeba. Alikuwa nyumbu wa mizigo wa Bassou, mwenye ofisi ya akiba na mikopo kule bondeni, na unga ule alikuwa akiwaletea wao. Mpeleka mizigo alimwachia anywe maji kwenye chemchemi, akasinzia kidogo tu.

Tuda, mkuu wa walinzi, akaketi juu ya jiwe akashika kichwa.

Malisho ya mlimani hufungwa tangu theluji iyeyuke mpaka siku ya kufunguliwa, nyasi zipate kutoa maua na kumwaga mbegu. Mnyama akiingia kabla, mwenyewe huchinja kondoo, huwapikia walinzi kwa mikono yake, wala hali mpaka wao washibe. Juma lililopita Zayd, tajiri wa kondoo, alitozwa faini hiyo akakataa. "Siku mtakayomtoza mtu anayewalisha, na mimi nitachinja," alisema. "La sivyo, kondoo wangu wote watapanda huku." Na kondoo wa Zayd wakipanda, hapabaki hata mzizi.

"Tumwachie," alinong'ona Ijja, mlinzi mwenzake. "Nani kaona?"

"Wachungaji wa Zayd wale pale ng'ambo. Huwasikii wanavyocheka?"

Ijja akageukia kambi yao. Mahema waliyolalia yalitoka kwa Bassou, na makoti ya baridi pia. Gari la kuwapeleka wajawazito hospitali lilikuwa la ofisi yake, na binti wa Tuda alijifungua salama kwa sababu ya gari hilo. Utamtozaje faini mtu kama huyo?

Tuda alishuka mlima polepole, kama mtu asiyetaka kufika.

Ofisini akina mama wazee walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Yamna, karani, alimpa maji kabla ya kumuuliza shida yake. Bassou akachungulia kutoka mezani.

"Dada Tuda! Umeshuka mlima wote huo kuja kuniangalia uso? Mbona si mzuri kiasi hicho?"

Tuda hakuweza kucheka. Akasema yote, macho chini.

"Lakini mjomba," Yamna alidakia, "si unga wetu wenyewe aliobeba?"

"Unga wetu, ndiyo. Nyasi je?"

"Kaka," Tuda akasema, "ukikasirika ukaondoa msaada, sitakulaumu."

Bassou akaweka kalamu chini. "Umelibeba hilo njia nzima? Pole, dada yangu. Kama msaada wangu unawafanya mniogope, basi nimewasaidia vibaya." Akasimama, akachukua kofia. "Mama zangu, leo Yamna atawahudumia. Mimi nimekamatwa."

"Umeiba?" aliuliza bibi mmoja.

"Nyumbu wangu ndiye aliyeiba."

"Afadhali! Angeiba mwenye ofisi, tungekula wapi?"

Ofisi nzima ikacheka, na Tuda naye akajikuta anacheka huku anafuta machozi kwa ncha ya shela.

Bassou alinunua kondoo sokoni, akapanda mlima kwa miguu, akimvuta mwenyewe. Alichinja vizuri, lakini kupika hakujua. Moshi ulimliza, vitunguu vikamliza zaidi.

"Bassou!" Ijja alimtania baada ya kuonja mchuzi. "Hata chumvi unaikopesha?"

"Nyamaza ule, wewe. Nikiongeza utasema nimetoza riba."

Walipokuwa wanakula, Bassou amesimama pembeni mikono nyuma, Zayd alitokea juu ya punda wake. Wachungaji walikuwa wamempelekea habari, naye hakuwaamini. Alimkagua Bassou toka kofia iliyojaa majivu mpaka viatu vyenye matope.

"Kweli mmemtoza?"

"Tumemtoza," Tuda alijibu. "Na bado hajala. Shuka, baba, unywe chai."

Zayd hakushuka. Alitazama nyasi zilivyoinama kwa upepo, maua ya njano yakianza kufumbuka, kisha akakohoa.

"Mimi sijui kukata vitunguu," alisema kwa ukali, kama anayeanza ugomvi.

"Nani anajua?" Bassou akamwonyesha kidole kilichofungwa kitambaa. "Njoo kesho nikufundishe. Mimi tayari ni fundi."

Zayd alijizuia, akashindwa, akacheka. "Kesho basi. Nitaleta kondoo dume, mnene. Msije mkasema Zayd bahili." Akageuza punda.

Ijja alishusha pumzi. Walinzi walikuwa wameshiba, mmoja tayari anakoroma. Tuda akachukua bakuli safi, akachagua kipande cha bega alichokuwa amekiweka kando, akamwagia mchuzi, akampelekea Bassou kwa mikono miwili.

"Kaa chini sasa, kaka. Kula."

"Chumvi imepungua kweli," alisema Bassou, huku mdomo umejaa.