Uso wa Mama Kwenye Kona ya Ngenge

Mgeni aliingia ofisi ya kituo chetu cha televisheni, Bakoba, bila kubisha hodi. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Alisema anaitwa Najibu, wa kampuni iliyonunua haki za kurusha mbio za magari za Muleba kwenye televisheni. Edvina, bosi wetu, alimpa akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayomkaribishia kila mgeni. Aliitia mfukoni.

"Kituo chenu hakitarusha chochote," alisema. "Nahitaji kijana mmoja tu wa kamera, anayezijua njia za huko. Mbio ni zenu, picha ni zetu."

Nilikuwa nimemaliza chuo, na hapo kwa Edvina nilikuwa najitolea tu kama mpiga picha. Nikatia saini mkataba wake.

"Kamera haizimwi," Najibu akanikumbusha. "Hata gari likipinduka. Likipinduka ndiyo kabisa."

Alinipanga kwenye kona ya Ngenge, chini kidogo ya nyumba ya Mae Kokubanza, ambaye miguu haimfikishi tena barabarani. Mwanawe, Rugaibula, alikuwa mmoja wa madereva. Najibu alimfungia mama runinga kubwa sebuleni, na juu yake akaweka kamera ndogo iliyomwelekea yeye.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

"Watazamaji wanapenda uso wa mama."

Asubuhi ya mbio Rugaibula alinifuata kwenye kona, kofia ngumu kwapani.

"Msomi, ile kamera ya sebuleni siipendi."

"Basi endesha polepole."

"Ningetaka polepole ningebaki na bodaboda yangu."

Akacheka, kisha akaitazama barabara iliyolowa. Alitoa mfukoni tunda moja la kahawa iliyochemshwa, akalipasua, akanipa punje moja na kubaki na nyingine. Kwetu waliogawana punje hivyo ni ndugu, na neno lao halirudi nyuma.

"Jambo likinipata, mama asilione kwenye kioo cha runinga. Aambiwe na mtu."

Nikaitafuna punje yangu.

Magari ya kwanza yalipita salama. La Rugaibula nililisikia kabla sijaliona: injini ilipanda sauti ghafla, kama magurudumu yamekosa ardhi. Liliingia kwenye kona likiwa limekaa upande. Nikaifunika lenzi kwa kiganja.

Migomba ilivunjika. Kisha kikaja kishindo kimoja, halafu kimya.

"Toa mkono," Najibu aliniambia kupitia kile kifaa cha sikioni alichonivalisha. Hakupaza sauti. "Toa mkono, kijana, kama unataka kufanya kazi hii tena popote."

Kiganja changu kilibaki juu ya lenzi. Wanaume walishateremka bondeni. Mmoja akaita kwamba Rugaibula anapumua, waletewe kitanda cha kumbebea. Hapo nikazima kamera, nikavua kile kifaa cha sikioni nikakitundika juu yake, nikapanda mbio kupitia shambani.

Najibu alikuwa amesimama mlangoni kwa Mae, simu sikioni, akiwaeleza wakubwa zake jina langu. Hakunizuia. Mae Kokubanza alikuwa ameketi mbele ya runinga nyeusi, mikono mapajani. Juu ya runinga taa nyekundu ya ile kamera ndogo ilikuwa bado inawaka.

Nilipiga magoti mbele yake, karibu sana, mgongo wangu ukiikinga kamera isiuone uso wake.

"Mae waitu, mama yetu," nikasema, "ni mimi Anatory. Nimetoka kwa Rugaibula."