Kadi Kumi na Mbili za Mama Hita

Barua ilimkuta Mama Hita dukani kwake saa tatu asubuhi, akifuta vumbi kwenye maboksi. Dukani ni neno la heshima tu. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye meza, kiti cha wateja na hita moja ya bafuni iliyotundikwa ukutani bila maji wala umeme, ya kuonyeshea watu. Alikuwa na mwaka wa tatu katika uwakala wa kampuni ya hita, na jina lake halisi mtaani walishalisahau.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Hita za toleo la mwezi wa nne zina kasoro: waya wa ndani hulegea, umeme ukaingia kwenye maji. Mtu yeyote asiiwashe. Kila mnunuzi ajulishwe leo na arudishiwe fedha yake. Chini palikuwa na orodha ya wanunuzi kumi na wawili wa eneo lake, na mistari yote kumi na miwili ilikuwa na jina moja, la kwake.

Tuseme ukweli, alijitakia. Kila hita ilitoka kiwandani na kadi ya dhamana. Mnunuzi huandika jina na namba ya simu, wakala huipeleka makao makuu. Sasa Mama Hita alishamwona wakala mwenzake akipigwa chenga: kampuni ilichukua namba za wateja wake, ikawapigia yenyewe, ikawauzia yenyewe, naye akabaki anahesabu maboksi matupu. Basi yeye akaamua kadi zote ajiandike mwenyewe. Mteja akihoji, humwambia huku anacheka kwamba akipata shida ampigie yeye tu, maana akipiga kule kampuni, yeye kibarua chake kitaota nyasi. Wateja walicheka naye. Walimpenda, na hilo lazima lisemwe.

Akampigia mwanasheria wa kampuni, ambaye namba yake ilikuwa chini ya barua. Alizungukazunguka wee, akisingizia kwamba anaulizia kwa niaba ya mwenzake. Mwanasheria hakuwa mtoto. Alimweleza kwa sauti isiyopanda wala kushuka kwamba wakala akiuza, ni kampuni imeuza, na bidhaa mbovu ni mzigo wa kampuni, hilo halina ubishi. Lakini wakala aliyemficha mnunuzi, onyo likashindwa kumfikia, huyo atajibu mwenyewe.

"Kwa kadi hizi, mama, sisi tumeshamjulisha mnunuzi," alisema. "Mnunuzi ni wewe."

Kisha akaongeza kwamba kama kadi si za kweli, aseme sasa hivi. Tangazo litakwenda redioni ndani ya nusu saa. Ila uwakala wake utaishia hapo hapo.

Mama Hita alijibu kwamba atampigia baadaye. Mumewe, aliyekuwa mlangoni akifunga kamba za viatu aende kazini, alimwambia aseme tu, uwakala haukumzaa. Akamjibu kwamba watoto hawali ukweli, na kwamba wateja wake anawajua, atawapata mwenyewe kabla ya adhuhuri.

Na kweli aliwapata, ila si wote. Mwalimu mstaafu alitaka aandikiwe barua. Kinyozi aliuliza kama anaweza kubaki nayo kwa maji ya baridi. Mpaka saa saba alikuwa na alama kumi na moja za kalamu kwenye kiganja. Wa kumi na mbili kwenye simu yake aliitwa "Mjamzito", kwa sababu mwanamume aliyekuja kununua alisema mkewe ana miezi minane na hataki akoge maji baridi. Namba ilikuwa haipatikani. Alipiga mara tisa. Alihesabu miezi kwa vidole: mtoto keshazaliwa, na mzazi na maji ya moto hawaachani. Hata hapo hakumpigia mwanasheria. Alitoka mbio kumtafuta fundi umeme.

Fundi ndiye aliyefunga hita zake zote. Alimkuta juu ya ngazi kwenye duka la vitambaa, bisibisi mdomoni. Tatizo la fundi huyu ni kwamba hakumbuki watu, anakumbuka mabafu. Aliposikia habari za mwanamke mjamzito alikuna kichwa. Alipotajiwa mabafu kumi na moja ya toleo la mwezi wa nne na kuulizwa la kumi na mbili, uso ukamchangamka. Bafu lenye vigae vya kijani, mlango unafungukia nje, dari imevuja. Nyuma ya kiwanda cha sabuni. Waliondoka pamoja, fundi akilalamikia miguu, Mama Hita akitangulia kama anayefukuzwa.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke kijana, mtoto mchanga begani. Ndani redio ilikuwa inaongea. Mama Hita hakusalimia hata vizuri. Aliuliza hita iko wapi, fundi akapita moja kwa moja kwenda kukata umeme. Pembeni ya swichi ya bafuni palikuwa pametundikwa mwiko.

"Huo wa nini?" aliuliza.

"Wa kuzimia, dada. Inapiga shoti. Tunavaa ndara, tunazima kwa mwiko, tumeshazoea."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla huyu hajazaliwa." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Mimi nilisema tupige kampuni. Baba yake akakataa, akasema yule mama alituomba, tutamharibia kazi. Simu yake ikaibiwa, namba yako ikapotea. Leo saa sita ndiyo imemrusha mpaka ukutani. Majirani wamempeleka zahanati. Wanasema ataishi, ila mkono haunyanyuki."

Saa sita. Mama Hita alitazama redio juu ya kabati. Ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, mwanamke alisema, ndiyo inayomfanya mtoto alale. Aibu ilimjaa mpaka masikio yakawaka, akakaa chini pale pale sakafuni, kwenye vigae.

Akatoa simu, akampigia mwanasheria. Safari hii hakuzunguka. Alisema kadi zote kumi na mbili ni za uongo, aliziandika yeye, na mmoja ameumia saa tatu nzima baada ya yeye kupewa onyo. Upande wa pili ikasikika sauti ya kalamu.

"Haya. Nipe majina ya wanunuzi wa kweli," alisema mwanasheria. "Anza na aliyeumia."

Mama Hita akaweka kiganja juu ya simu. Akamtazama yule mwanamke.

"Samahani, mdogo wangu," alisema. "Mume wako anaitwa nani?"