Siti ya Mahari

Tangu bidhaa zirudi madukani, Songea ilijaa vitu vya kutamani na watu wa kuvitamani. Pankrasi, mkulima kijana wa tumbaku kutoka Namtumbo, aliwaona wote ni wezi. Aliyemtazama alikuwa mwizi, na ambaye hakumtazama alikuwa mwizi mjanja zaidi.

Alikuwa ametoka dukani akisukuma baiskeli mpya ya Foniksi, karatasi za kiwandani zikiwa bado zimeviringishwa kwenye mabomba. Hakuipanda. Mzee Polikarp wa Matogoro, baba wa mchumba wake Lukresia, alikuwa amesema wazi kwamba baiskeli ya mahari anaitaka ikiwa haijakaliwa na makalio ya mtu. Ilipaswa kufika kwake kabla jua halijazama. Isipofika, posa ingerudishwa, na tayari kulikuwa na dereva wa lori aliyeanza kupitapita pale nyumbani akiulizia maji ya kunywa.

Kwenye madigadi ya nyuma Pankrasi alifunga kipande cha mpira alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe:

*Ewe mwizi ukigusa,*
*mkono wako taoza.*

Hakuna aliyemfundisha kupima mizani. Alijifunza peke yake, akihesabu kwa vidole huku akichuma majani ya tumbaku, na mistari ile aliiona kuwa kali kuliko kufuli.

Hata hivyo alinunua na kufuli.

Tatizo lilikuwa mshenga. Mahari haipelekwi na muoaji peke yake kama mtu anayepeleka kuni, na mshenga wake, mzee Romanus, alikuwa amekwisha kuingia kwenye kilabu cha ulanzi nyuma ya soko. Baiskeli haikupita mlangoni. Pankrasi akasimama nje, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Niachie mimi, mtani!" sauti ikamwita ng'ambo ya njia.

Alikuwa Sefu, fundi baiskeli, Myao wa Nakapanya kule Tunduru, ameketi kwenye kibanda chake cha mabati na tairi shingoni kama shada la maua.

"Nikuachie wewe?" Pankrasi akajibu. "Babu zako walipowaona babu zangu walitupa hata vyungu wakakimbia. Leo nikupe baiskeli, si utafika Msumbiji?"

Sefu akacheka hadi tairi likatikisika shingoni. "Nyie Wangoni mlitoka Natali kwa miguu mpaka hapa. Baiskeli ya nini tena? Endeleeni kutembea!"

Wapita njia wakacheka. Pankrasi naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Utani ni utani, akajiambia, ila Foniksi ni Foniksi. Akapitisha mnyororo kwenye gurudumu na fremu, akafunga kufuli. Akang'oa valvu ya gurudumu la mbele, upepo ukatoka wote. Bado roho haikutulia. Akaazima spana kwa Sefu huyohuyo, akafungua siti, akaitia kwapani.

"Na mikono ya usukani?" Sefu akauliza. "Ing'oe na hiyo. Ingia kilabuni na kengele mdomoni."

"Mtu wa kuipanda hii hajazaliwa," Pankrasi akasema, akaingia ndani.

Mzee Romanus alikuwa hajamaliza kikombe chake, na mzee hatolewi kikombe mdomoni. Pankrasi akakaa ukingoni mwa benchi, siti mapajani kama mtoto mchanga, akisikiliza kila sauti ya nje. Mzee alipoinuka hatimaye na kutafuta kofia yake, kijana alikuwa amekwisha kutangulia mlangoni.

Pale alipoiacha baiskeli palikuwa na vumbi tu. Na kibandani hapakuwa na Sefu.

Akamwona mbele, karibu na kona ya wauza mitumba. Alikuwa ameibeba Foniksi begani, mnyororo ukining'inia, anatembea polepole katikati ya njia huku akipiga mbinja. Kipande cha mpira chenye shairi kilikuwa kinampiga mgongoni. Sefu akageuka nyuma kana kwamba anangoja mtu. Akamwona Pankrasi, akatabasamu, akaongeza mwendo kidogo.

Kila aliyekulia Songea angejua jambo lile. Mtani akikuona na kitu kizuri, hasa kama umemtambia nacho, hukichukua hadharani. Wewe unamfuata, mnatukanana, unakikomboa kwa kuku au kwa kikombe cha ulanzi au cha chai, mnaachana mkicheka. Hata Pankrasi alilijua. Babu yake aliwahi kuchukuliwa jeneza la ndugu yake njiani kwenda makaburini, na alicheka huku analia.

Lakini kijana hakumwona mtani. Alimwona dereva wa lori akinywa maji Matogoro.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mwizi wa baiskeli! Mkamateni!"

Neno hilo sokoni ni kama kiberiti kwenye nyasi za Septemba. Vijana wa mitumba wakaruka meza zao. Wapo waliookota mawe kabla hawajajua mwizi ni nani. Sefu akasimama. Akafungua kinywa, sauti yake ikamezwa. Jiwe la kwanza likapita. La pili likampata mkononi, ule ulioshika bomba.

Hakuiangusha. Akapiga goti, akailaza baiskeli chini taratibu, upande usio na cheni, kama fundi anavyolaza baiskeli ya watu, ndipo akajifunika kichwa.

"Mtani!" akaita. "Waambie basi!"

Pankrasi alikuwa amefika, siti kwapani, pumzi juu juu. Watu wakampisha. Yeye ndiye mwenye mali. Wakangoja aseme. Mmoja alikuwa na nondo.

Kijana aliyejua kutunga mistari ya kuozesha mikono ya watu hakupata hata neno la kawaida. Kusema "nimekosea" mbele ya soko zima! Akaona damu ikichuruzika kwenye vidole vya Sefu, ikidondokea karatasi ya kiwandani.

"Mwacheni," akasema.

"Si umeita mwizi wewe?" mwenye nondo akauliza.

"Nimeita mimi. Huyu ni mtani wangu. Hakuiba, alichukua. Mwacheni!" Akasimama mbele ya Sefu, siti ameinyanyua kama ngao, na kama mtu angekuwa na moyo wa kucheka angecheka.

Wakaguna. Wengine wakamtukana yeye. Wakayadondosha mawe yao moja moja.

Mzee Romanus akawasili, kofia upande, lakini akili imenyooka. Akasikiliza, akatema mate. "Mtani hakasirikiwi," akamwambia Pankrasi. "Aliyekasirika hulipa. Na wewe umekasirika kwa mawe. Sefu, sema unachotaka, hatakukatalia."

Sefu akafunga mkono wake kwa kitambaa cha grisi.

"Nipe siti," akasema.

"Siti? Siti ya mahari?"

"Hiyo unayoilinda kuliko mimi. Mengine yote chukua."

Pankrasi na mshenga wake wakafika Matogoro jua likiwa juu ya milima. Mzee Polikarp akaizunguka baiskeli, akasoma shairi, akabonyeza breki, kisha akashika chuma kitupu kilichochomoza katikati.

"Nitakalia hiki?"

"Shikamoo, baba," Pankrasi akasema.

"Marahaba. Nimeuliza nitakalia hiki?"

"Siti iko kwa mtani, baba."

Mzee Romanus akaeleza yote, hakuficha hata nondo. Polikarp hakucheka. Lukresia alikuwa amesimama mlangoni na ungo, naye hakucheka.

"Mtani wako umemwita mwizi," Polikarp akasema. "Na siku chumvi ikipungua jikoni, binti yangu utamwita nani?" Akaiegemeza baiskeli ukutani. "Nimeipokea. Dereva wa lori nitamwambia maji yamekwisha. Lakini ndoa itafungwa siti ikifika, na ataileta yeye mwenyewe kwa hiari yake. Usimwombe. Nikisikia umemwomba, njoo uchukue vyuma vyako."

Tangu siku hiyo Pankrasi akawa anakuja mjini hata asipokuwa na shughuli. Siti ilikuwa imetundikwa kwenye msumari kibandani. Alipita polepole, akaikagua kwa pembe ya jicho: ngozi nzima, springi nzima.

"Karibu mtani," Sefu alimwambia. "Mkono haujaoza. Umevimba tu. Shairi lako halina dawa kali."

"Pole," Pankrasi alisema, na hilo ndilo neno pekee alilothubutu. Kila alipoondoka alijiuliza: ataiuza? Atamfungia mteja? Atarudi nayo Nakapanya korosho zikiiva? Mwenzake akiamua kulipiza, hahitaji jiwe. Anahitaji kukaa kimya tu.

Asubuhi moja akakuta kibanda kimefungwa. Akachungulia kwenye tundu la bati. Msumari mtupu.

"Kaondoka alfajiri," mama muuza vitumbua akamwambia. "Ana mzigo. Nimemwona akielekea stendi, basi la Tunduru lilikuwa linanguruma."

Neno likapanda kooni, lile lile, moto ule ule. Vijana wa mitumba wakamtazama, walimkumbuka. Mwenye nondo akakunja mikono, akingoja.

Pankrasi akafunga mdomo mpaka meno yakauma.

"Kaenda kwa watani zake," akasema. Hakuamini alichosema. Akashika njia ya Matogoro kwa miguu, kumweleza mzee kwamba yamekwisha.

Alipoingia uani akasikia mbinja. Sefu alikuwa amechuchumaa chini ya Foniksi, spana mkononi, kikombe cha togwa kando. Siti ilikuwa mahali pake.

"Wangoni bado mnatembea?" akauliza bila kugeuka. "Mimi nimepata lifti stendi."

Mzee Polikarp akaipanda, akazunguka ua mara moja, kengele ikilia, kuku wakitawanyika. Aliposhuka, Pankrasi akasogea na kunyoosha mkono kwenye nati ya siti, aone kama imekazwa kweli.

Lukresia alikuwa anamtazama.

Akaurudisha mkono, akautia mfukoni.