Umuravumba kwa Zawadi

Kiangazi kilipoanza, umuravumba uliosimama kando ya nyumba ya Layla huko Nyamugari, Gitega, ulijaa maua ya rangi ya zambarau iliyofifia, na majani yakawa machache. Layla aliyachuma yote. Marehemu mama yake aliutumia mmea huo kwa mambo mengi: maji yake machungu kwa tumbo na homa, mvuke wake kwa kifua. Na dada yake Zawadi, aliyeolewa Muyinga, alikuwa anakohoa tangu Ramadhani. Hospitalini walimrudisha nyumbani wakisema hawana tena la kufanya. Layla hakulikubali neno hilo. Katika kila sala alimwomba Mwenyezi Mungu dada yake apone. Alifunga majani kwenye kitenge akapanda gari la kupitia Karusi.

Alimkuta Zawadi ameketi mkekani na mto mgongoni, amebaki mifupa. Layla hakunywa hata chai. Alibandika sufuria kwenye mkaa, akachemsha majani pamoja na maua yake, akamfunika dada yake blanketi juu ya mvuke.

"We Layla, unataka kunipika kama ndizi?" Zawadi aliuliza kutoka humo ndani.

"Nyamaza, vuta pumzi."

Akavuta. Alikohoa sana, kisha kifua kikatulia, na alipofunuliwa uso wake ulikuwa na jasho na uhai kidogo. Papo hapo Layla akaanza kupanga. Angekaa wiki nzima, angeagiza majani mengine kwa watu wa Gishubi, upande wa kwao, na Zawadi akipata nguvu wangekwenda wote Gitega. Zawadi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamshika mkono.

"Asante, mdogo wangu."

Layla aliutoa mkono wake. Kwao dawa ya majani haishukuriwi. Mama aliwafundisha kuipokea kimya, kwa kuwa ukiishukuru umeikatiza kazi yake, na Zawadi alilijua hilo hata kabla Layla hajazaliwa.

"Lirudishe hilo neno, dada."

"Silirudishi. Dawa iko nzuri, mi napumua. Lakini sitaki kuondoka bila kukushukuru, eti kwa kuogopa majani."

Layla alilia, na Zawadi akamwacha alie. Ilipoadhiniwa alasiri Layla alitawadha uani, akatandika msala karibu na miguu ya dada yake. Katika sijida ya mwisho aliitafuta dua yake ya siku zote, ile ya uponyaji, nayo ikakataa kutoka. Paji la uso lilikaa chini muda mrefu. Mwishowe aliomba dada yake asiogope, na asiumie.

Alipotoa salamu, Zawadi alimuuliza ameomba nini leo hata akachelewa hivyo kuinuka. Layla alimwambia kweli.

Zawadi aliitikia kwa kichwa. Kisha akajivuta polepole kuelekea ukutani, ili mdogo wake apate nafasi mkekani.