Kaburi la Mgomba

Norman Amugune aliomba ruhusa siku ya kumi na mbili tangu meli ivunje daraja. Siku za mwanzo hakuomba kitu, maana alikuwa akisubiri habari, na anayesubiri habari hana la kuomba. Huendesha gari tu. Asubuhi watoto wa mwajiri wake shuleni, mchana kuwarudisha nyumbani Al-Naseem, Riyadh, jioni madam madukani, na kati ya safari na safari simu iko mkononi, anatazama video ile ile ambayo dunia nzima imekwisha kuitazama na kuichoka. Meli ndefu ya mizigo, makontena juu yake tele, inakuja polepole kama isiyo na ugomvi na mtu. Walisema umeme wake ulizimika na usukani ukafa. Inafika kwenye nguzo, inaiegemea. Kuegemea tu. Barabara nzima inakunjika na kuingia baharini kabla mtu hajamaliza kusema "jamani".

Kwenye video hiyo, ukisimamisha picha mahali panapostahili, unaona gari dogo jeupe katikati ya daraja. Dereva wake alikuwa Alvin, mdogo wake Norman, kitinda mimba wa mama yao. Alikuwa amewashusha wafagiaji wa barabara upande wa pili na anarudi peke yake kuchukua kundi lingine. Waliokufa asubuhi ile huko Jeddah walikuwa saba. Sita waliopolewa wiki ya kwanza. Wa saba hakuonekana, na huyo wa saba ndiye Alvin.

Nyumbani Vihiga, Kenya, turubai lilisimamishwa siku hiyo hiyo. Lakini matanga bila mwili ni shida ambayo sitamwombea hata adui. Watu hawajui walie hadi lini. Waliotoka mbali wanaona haya kuondoka, na waliobaki wanaona haya kula. Wiki ya pili ilipoanza, kuku wa jirani walikuwa wamekwisha, kwaya ya kanisa imekauka sauti, na mama mwenye msiba, Mama Selipher, alikuwa hajaweka mdomoni zaidi ya uji. Hapo Ephraim, baba mdogo wa akina Norman, akasimama akasema neno ambalo kila mtu alikuwa analo moyoni: "Tuzike mgomba."

Kwao ndivyo inavyofanywa. Mtu akipotelea majini au vitani na mwili usipatikane, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavishwa nguo yake, ukafungwa shuka na kuzikwa kwa jina lake. Mchungaji hutazama pembeni kidogo, kisha huomba. Baada ya hapo watu wananyoa, wanafagia uwanja, wanarudi makwao. Ila likifanyika limefanyika. Mtu hazikwi mara mbili. Akija kutokea baadaye, akiwa hai au akiwa maiti, nafasi yake bomani imekwisha kuliwa na ule mgomba.

Mama Selipher hakukataa, lakini aliweka sharti, akalisema kwenye simu huku wazee wote wakisikia. "Norman, wewe ndiye mkubwa. Nenda mpaka yalipo yale maji. Simama pale, umwite mdogo wako majina yake yote, mara tatu. Akinyamaza, nitajua hayuko, nitakubali mgomba. Bila hivyo, hakuna atakayetia udongo hapa."

Basi Norman akamwendea kafili wake, mwajiri aliyemdhamini. Baba, kama walivyomwita pale nyumbani, hakuwa mtu mbaya. Alitikisa kichwa, akasema Allah karimu, akampa siku mbili. "Siku mbili, halas, basi. Alhamisi madam ana miadi Sulimaniyah." Norman akashukuru. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na baba alikuwa ameubeba huo usufi kwa dakika nzima, ukiachilia mbali simu mbili alizopokea katikati.

Basi lilichukua saa kumi na mbili kutoka Riyadh. Norman hakulala, kwa kuwa dereva hajui kulala mtu mwingine akiendesha. Jeddah alipokelewa na Robinson, aliyekuwa akiishi chumba kimoja na Alvin mtaani Bani Malik. Vitanda sita, na kile cha Alvin kimetandikwa vizuri, mto umewekwa katikati. Robinson alikuwa amekitandika kila siku. Alisema hajui kwa nini.

Walipanda teksi ya kuchangia hadi ilipoishia, wakatembea. Norman alidhani ataona daraja. Aliona uzio, magari ya polisi, na mbali kabisa shingo za winchi mbili zikiwa zimesimama. Maji yenyewe hayakuonekana hata kidogo.

"Ndugu yangu yuko humo," Norman alimwambia askari kwa Kiarabu chake cha jikoni na garini.

Askari alimtazama, na huruma ilikuwepo usoni mwake, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuinuka. "Mafi. Mamnuu. Yalla, yalla." Hakuna njia, marufuku, ondokeni.

"Kuna njia nyingine, bro," Robinson akasema. "Tunazunguka nyuma ya zile karakana. Ni kama saa nzima kwa miguu, lakini unatokea ufukweni kabisa. Mimi nilifika juzi."

Norman akatazama saa. Basi la kurudi lilikuwa linaondoka jioni. Wangewahi, kwa kukimbizana. Nitasema ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakujitetea: muda ulikuwepo. Kilichokosekana ni Norman. Jua lilikuwa kali, miguu imevimba kwa safari, na juu ya hayo alikuwa na uchovu wa miaka sita ya kuamka kabla ya wenye nyumba na kulala baada yao, na uchovu huo ulichagua saa hiyo kudai haki yake. Isitoshe aliona haya. Asimame ufukweni mwa watu, mtu mzima, aanze kumpigia kelele marehemu?

"Tukanywe chai," akasema.

Kwenye kibanda cha chai akapiga simu nyumbani. Aliyepokea ni dada yao Shirleen. Akaiweka simu juu ya meza ili wote wasikie. Kelele za uwanjani zikatulia.

"Umefika majini?" Mama akauliza.

"Nimefika, Mama."

"Umemwita?"

"Mara tatu."

"Akasemaje?"

Norman akatazama glasi ya chai. "Kimya, Mama."

Kisha akamsikia mama yake akisema, "Haya." Neno hilo moja tu. Robinson alikuwa akikoroga chai yake isiyo na sukari, na hakuinua macho.

Mgomba ukazikwa jioni hiyo. Shirleen alituma picha: shuka jeupe, na juu yake jezi ya buluu ya Alvin ya mpira. Watu wakanyoa, turubai likashushwa, waliotoka Eldoret wakarudi Eldoret. Baada ya siku tatu Mama akala ugali. Norman akajiambia kwamba ule uongo umemlisha mama yake, na ni kweli ngapi zimewahi kumlisha mtu? Akaanza hata kulala. Akija kutoka kazini anajitupa kitandani katika kile chumba chake cha kando ya geti na viatu mguuni.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Norman ilikuwa ya siku kumi na tisa.

Alikuwa akiosha gari Robinson alipopiga. "Norman, keti kwanza."

"Sema tu."

"Wamenyanyua kile kipande cha mwisho cha barabara. Gari lilikuwa chini yake. Alvin yuko ndani. Kitambulisho chake, ikama ile, kiko mfukoni, kinasomeka vizuri. Na mkanda wa gari, bro. Bado amefunga mkanda."

Norman akafunga maji. Akasimama na mpira mkononi mpaka yaliyobaki ndani yake yakaisha kudondoka.

Kesho yake mtu wa kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi Alvin akatuma ujumbe. Alikuwa na adabu, na alikuwa na haraka. Mwili uzikwe hapa, kwenye makaburi ya wasio Waislamu Jeddah, au usafirishwe Kenya? Familia ijibu kabla ya Alhamisi. Jibu liwe neno moja, fomu atajaza yeye.

Norman akampigia kwanza Ephraim. Baba mdogo alikohoa, kisha akasema taratibu, "Mzikeni huko huko."

"Baba mdogo, huyu ni Alvin mwenyewe."

"Najua ni Alvin. Mimi ndiye niliyemchimbia kaburi, kwa mikono hii. Limejaa, Norman. Ulisema ulimwita, akanyamaza, tukafunga. Sasa boma moja, mtu mmoja, makaburi mawili? Unataka tuwaambie watu nini? Na mama yako usimwambie. Yule ndiyo kwanza ameinuka. Unataka kumlaza tena?"

Hakuwa mkatili, Ephraim. Alikuwa mtu aliyelisha waombolezaji siku kumi na mbili kwa mahindi yake mwenyewe. Na Norman aliona kwamba kila neno lilikuwa na miguu ya kusimamia. Akaandika kwenye simu "hapa". Hakutuma. Akaiacha pale, neno limekaa kwenye kisanduku chake linangoja kidole, siku nzima ya Jumanne.

Kilichomzuia ni ule mkanda. Kila alipofunga wa kwake, anamwona Alvin amekaa kwenye giza la maji siku thelathini na moja, amenyooka, mtiifu, kama dereva anayengoja abiria. Na siku moja kati ya hizo kaka yake alikuwa umbali wa saa moja kwa miguu, akaenda kunywa chai. Alvin alale wapi, hilo ndilo lililokuwa limebaki kuamuliwa duniani juu yake, na Norman alikwisha kuliamua vibaya mara moja.

Jumatano alasiri madam aliingia duka la mapazia Sulimaniyah. Mapazia hayachaguliwi upesi. Norman akaegesha upande wa kivuli, akampigia mama yake.

Kwanza wakaulizana hali. Mama akamwambia mvua imenyesha, maharagwe yameota. Norman akamwachia amalize.

"Mama, wamempata Alvin."

Upande ule akasikia kitu kikiwekwa chini, sufuria labda. Hakusikia kilio.

"Lini?"

"Jumapili. Alikuwa ndani ya gari lake." Halafu, kabla ujasiri haujamtoroka, akasema lile lingine. "Mama, mimi siku ile sikufika majini. Walinizuia. Kulikuwa na njia nyingine, sikuifuata. Nilikuwa nimechoka. Sikumwita hata mara moja."

"Najua," akasema Mama Selipher.

"Unajua vipi?"

"Mimi ni mama yenu. Ungemwita kweli, ungelia. Uliongea nami sauti kavu, kama mtu anayesoma bei dukani." Akavuta pumzi. "Nilijua papo hapo. Watu walikuwa wamechoka, Norman. Shirleen alikuwa amechoka, ng'ombe hawajakamuliwa. Na mimi nilikuwa nimechoka kuliko wote. Nikasema haya. Udongo wa kwanza niliutupa mimi."

Norman akalaza paji la uso kwenye usukani. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, madirisha yamefungwa, na wapita njia wa Sulimaniyah wakawa wanachungulia na kupita. Mama yake akamwachia naye amalize.

"Kampuni wanauliza azikwe huku au aje," akasema mwishowe. "Baba mdogo anasema huku. Anasema kaburi lake limejaa."

"Limejaa mgomba."

"Anasema mtu hazikwi mara mbili."

"Hata mimi sitaki azikwe mara mbili. Nataka azikwe mara moja, na mwanangu bado hajazikwa." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ile ile ya kusimulia maharagwe. "Sikiliza. Pale kando ya baba yenu kuna nafasi niliyojiwekea. Unaijua, nilipapanda maua. Mwambie Ephraim achimbe hapo, amlaze Alvin kwa baba yake. Lile la mgomba litakuwa langu. Siku yangu ikifika, lifukueni mnilaze juu ya ule mgomba."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nimekwisha kuutupia udongo, nitaulalia. Hapo hakuna makaburi mawili ya mtu mmoja. Kila mtu ana lake. Ephraim nitazungumza naye mimi. Wewe mlete mtoto."

Norman akafungua ule ujumbe. Akafuta neno lililokuwa limekaa pale, akaandika "Kenya", na safari hii hakungoja, akatuma.

"Nimetuma, Mama."

"Haya," akasema Mama Selipher, na sasa ndipo akaanza kulia.