Arobaini na Mmoja Katika Mia

Naapa, na nikiapa huwa nakaa vizuri kwenye kiti: kila neno hapa chini ni kweli tupu, halijatiwa hata punje ya chumvi. Atakayenikamata na uongo, hata mdogo kama chawa, achukue kiti hiki hiki ninachokikalia, cha mbao ngumu, chenye mgongo mrefu wa kuegemea, kilichochongwa na fundi utakayekutana naye hivi punde.

Palikuwa na mzee mmoja mstaafu, watu wakimwita Chumvi, kwa sababu hakuweza kusimulia hata safari ya chooni bila kukutana na chui njiani. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa sajili ya saratani katika hospitali kubwa, kwenye chumba cha chini kinachopakana na mashine za kufulia, ukuta ukitetemeka kila shuka zinapozungushwa. Alistaafu, akapewa saa ya ukutani, akaenda zake. Miaka saba baadaye akaitwa tena kwa wiki sita, maana hakuna aliyeweza kusoma mwandiko wa kadi za zamani isipokuwa yule aliyeziandika.

Kazi yenyewe ilikuwa jedwali la nchi kumi na mbili. Ugonjwa mmoja: saratani ya umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Swali moja: katika wagonjwa mia, wangapi wako hai miaka mitano baada ya kugunduliwa? Safu zilikuwa tatu: zamani, katikati na sasa. Nchi nyingine zilipanda kama mzee anavyopanda ngazi, nane, kumi na mbili, kumi na tisa, zikipumzika kila hatua. Nchi ya Chumvi ilianza na sita, ikafika tisa, halafu ikaruka kama panzi: arobaini na mmoja.

"Mzee, tumewapita wote!" alisema mkuu wa kitengo, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine aliyoisahau kichwani. "Hii nitaisoma mkutanoni nimesimama."

Chumvi naye alifurahi, ila kwa sababu yake mwenyewe. Mdogo wake, seremala, alikuwa na ugonjwa huohuo. Ilianza nyama kumkwama, akailaumu nyama. Ukafuata mkate, akamlaumu mwokaji. Uji ulipomkwama, mkewe hakungoja alaumu sufuria, akamburuta kwa daktari. Daktari alisema uvimbe bado haujatoboa ukuta wa umio; dawa na mionzi vianze Jumatatu, kisha upasuaji. Kuchelewa kutaleta habari nyingine.

Jioni hiyo Chumvi akaingia karakana na namba yake kama mtu aliyebeba keki.

"Arobaini na mmoja, mdogo wangu! Karibu nusu! Na hao wasiopona ni vikongwe waliokuwa na maradhi mengine saba."

Seremala akapuliza maranda kwenye ubao. "Una hakika, kaka? Au ni kama yule samaki wako aliyepiga miayo?"

"Hii ina muhuri wa hospitali."

"Basi huu si ugonjwa wa kukimbizana nao. Namaliza kwanza madawati ya shule. Miezi minne tu, halafu wanichane wanavyotaka."

Mkewe akamkazia macho shemeji yake. Chumvi akatazama dari.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, akipanga kadi, alikuta ya bibi mmoja ambaye kwa hesabu ya tarehe alikuwa na miaka mia moja na tisa. Kompyuta ilisema yu hai. "Hongera, bibi," akasema, akaiweka chini. Halafu akaichukua tena. Akavuta ya pili, yenye namba ya simu, akapiga.

"Halo. Naulizia baba wa hapo nyumbani. Anaendeleaje na kumeza?"

Ikajibu sauti ya mwanamke: "Wewe ni nani?"

"Natoka hospitali, mama."

"Ana mwaka wa nne kaburini. Ndiyo mnamkumbuka leo?"

Siku hiyo na iliyofuata alipiga simu thelathini, zote za watu walioandikwa hai. Ishirini na wawili walikuwa wamezikwa. Wanane walipokea wenyewe, na mmoja wao alimtukana kwa sauti nene mpaka Chumvi akatamani kumbusu.

Ndipo alipoelewa. Enzi zake, kila mwisho wa mwezi alitembea na daftari hadi ofisi ya vizazi na vifo, akanakili majina ya marehemu, akarudi kuyaingiza kwenye kadi. Alipostaafu, hakuna aliyepewa kazi ya kuzitembea zile hatua. Na sheria ya sajili ilikuwa hii: ambaye habari za kifo chake hazijaletwa, anahesabiwa hai. Tangu yeye alipoacha kutembea, watu wa nchi hiyo waliacha kufa.

Alipopiga hesabu upya, arobaini na mmoja ikawa kumi na mmoja.

"Unajua unatushusha mpaka wapi?" mkuu aliuliza, miwani zote mbili sasa mkononi.

"Mpaka makaburini, mama. Ndiko waliko."

Mama yule akachukua kalamu, akaifuta namba yake tamu.

Lakini hilo ndilo lilikuwa jepesi. Maisha yake yote Chumvi alidanganya watu wakacheka wakaenda zao. Siku aliyosema kitu chenye muhuri, ndiyo siku aliyodanganya kweli. Arobaini na mmoja ilimkalisha mdogo wake kwenye madawati. Je, kumi na mmoja haitamlaza kabisa, ageukie ukutani? Akarudi kwenye simu, akawauliza wale wanane: matibabu mlianza lini? Saba walijibu kwamba walianza mapema, uvimbe ungali mdogo. Akayaandika yote kwenye karatasi moja, pamoja na wale ambao kadi zao zilionyesha walianza mapema wakafa hata hivyo.

Jumamosi mzee akaenda hadi karakana, akasimama kifua mbele, akasema kwa sauti kavu: "Mdogo wangu, nilikudanganya. Ni kumi na mmoja." Seremala akaweka randa chini, akamkumbatia, akasema...

"Kifua mbele?" Hapo shemeji, aliyekuwa akisoma nyuma ya bega langu, akaweka kidole kwenye karatasi. "Kifua cha nani, shemeji?"

"Cha mzee Chumvi."

"Chumvi si wewe? Ulisimama mlangoni saa nzima ukizungumzia gundi! Karatasi ulinitupia mimi, ukaenda kujificha nyuma ya rundo la mbao. Aliyemsomea mume wangu ni mimi. Na kukumbatiana hakukuwepo."

Hakukuwepo. Nyuma ya zile mbao nilisikia randa ikinyamaza, na ikakaa kimya mpaka nikahesabu misumari yote iliyokuwa sakafuni.

"Hao kumi na mmoja waliwahi?" mdogo wangu akauliza.

"Wengi wao," akasema mkewe.

"Na waliowahi wakafa?"

"Wapo." Yeye hakutia chumvi.

Mdogo wangu akagonga zile mbao: "Kaka, toka huko, mbao zitakuangukia. Kesho mtafute fundi wa kumalizia madawati. Na usimwambie habari za samaki."

Jumatatu alikwenda. Mionzi imekwisha, upasuaji ni wiki ijayo, na hakuna jedwali linaloweza kuniambia yeye ni nani katika ile mia.

Kiti nimelipa. Shemeji alikibeba mwenyewe, hakutaka msaada. Mdogo wangu anakikalia dirishani, akinywa uji kwa kijiko cha chai, akimeza kila tone kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Na mimi mistari hii ya mwisho naiandika nimesimama.